Aliyeniombea kwa Sauti

Kwa miaka tisa mimi na yeye tulisuka kichwa kimoja. Kazi ya ususi pale sokoni Kenyatta Market ndivyo ilivyo: mteja anaketi katikati, mmoja wenu anashika upande wa kushoto, mwingine wa kulia, na mkikutana utosini mmemaliza. Ukishinda na mtu hivyo, nyuso zimekaribiana, unajua hata alichokunywa asubuhi. Mimi nilikuwa wa kulia. Yeye alikuwa wa kushoto, na tena alikuwa mwenzangu wa maombi.

Hilo la mwenzi wa maombi tulilitoa mjini. Jumanne kazi ikipoa tulikuwa tukitoroka kwenda kwenye ibada ya saa saba, ile ya watu wa ofisi, ghorofa ya pili, nusu ya waumini wakitafuna maandazi. Siku moja mhubiri akasema wokovu wa Jumapili peke yake ni nguo ya kuazima. Akatuagiza kila mtu achague mmoja wa kumwambia yale asiyoweza kuyasema kanisani. Tulitazamana tukacheka, kwa sababu sisi tulishachaguana zamani.

Sitadanganya, yalikuwa maisha matamu. Tulinong'ona maombi huku tunasuka, mteja akidhani tunahesabu nywele. Tulijizuia kumsengenya akishaondoka, na wale wanaojua saluni watakubali kwamba hiyo ni kazi ngumu kuliko kufunga siku tatu. Na mmoja wetu akipindisha mstari, tuliufumua na kuusuka upya hata kama mteja asingeuona kamwe. Kwangu mimi dini ilikuwa pale, kwenye mstari ule, kuliko ilivyokuwa kwenye kiti cha kanisa.

Kisha vidole vyangu vikaniasi. Ukimaliza kusuka rasta unachovya ncha kwenye maji moto ili zisifumuke. Nilichovya, na vidole vya mkono wa kulia vikazama pamoja na nywele, nisijue. Nilishtuka tu kuona malengelenge. Daktari alisema mishipa ya fahamu imebanwa kwenye kifundo cha mkono, niupumzishe miezi kadhaa. Niupumzishe! Mkono huo ndio uliokuwa ukisomesha watoto wangu wawili kule nyumbani Waithaka. Mwenye kibanda akijua tu, kesho kiti changu kina mtu mwingine.

Nikamwambia mtu mmoja tu duniani: yeye.

"Sister, hii usiambie mtu."

"Ni mimi na wewe na Mungu," akasema, na akanishika bega. "Atatenda."

Pale kibandani tulikuwa wanawake sita, pamoja na mwenye kibanda. Kila asubuhi kabla ya kufungua tulisimama duara tumeshikana mikono, tukaimba wimbo mmoja, kisha mmoja akamwombea mwenzake kwa sauti. Zamu zilizunguka. Jumatatu iliyofuata ikawa zamu yake kuniombea mimi, na nilifumba macho kwa raha kabisa.

"Baba," akaanza, "gusa vidole vya dada yangu. Vile vitatu vimekufa ganzi, Baba, ata maji moto hasikii. Usikubali achome mteja."

Nilifumbua macho. Mwenye kibanda naye alikuwa ameyafumbua, anautazama mkono wangu.

Kabla ya saa nne nilikuwa nimepelekwa nyuma kufumua nywele za watu, kazi ya aliyeanza jana. "Sijakufuta, mama," mwenye kibanda aliniambia kwa upole. "Ni juu ya wateja tu." Kiti changu kikapewa mwingine, na wateja wangu wa miaka yote wakawa wanaingia, wananipungia mkono, wanaenda kukaa kwake.

Mwenzangu wa maombi nilimkuta kwenye bomba la maji.

"Kwani ulitaka nikuombee aje?" akaniuliza. "Mungu hataki kuzungushwa."

"Mungu alikuwa anajua. Mwenye hakuwa anajua ni mwenye kibanda."

"Ungekuwa na imani, saa hii ungekuwa umepona."

Neno lile la kikulacho ki nguoni mwako nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, lakini siku ile ndipo lilipoingia mwilini. Kiti ningesamehe. Maneno yale ya imani hadi leo yananichoma.

Na mimi nilikuwa na siri yake. Yeye pia alikuwa ameniletea ombi, juu ya kichwa cha mteja kama kawaida: alikuwa amepata chumba mtaa wa Jamhuri, afungue saluni yake mwisho wa mwezi na aondoke na wateja wa kibanda kimyakimya. Mwenye kibanda hakuwa na habari.

Wiki mbili baadaye zamu ikawa yangu kumwombea. Alisimama kulia kwangu, akanishika mkono. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyanoa tangu Waithaka: Baba, mfungulie dada yangu ule mlango wa Jamhuri, na hawa wateja anaoondoka nao uwabariki. Nani angenilaumu? Ningekuwa nimeomba tu. Nilivuta pumzi, na nilitamani sana kuyasema. Lakini nikauona ule mstari uliopinda ambao mteja asingeuona, na nikakasirika zaidi, maana nilijua sitauacha umepinda.

"Bwana," nikasema, "unamjua. Na yote aliyokuambia mbele yangu unayajua. Amina."

"Hiyo tu?" mwenye kibanda akauliza.

"Hiyo tu."

Sikuwa nimemsamehe, na sitajifanya hapa. Nilikuwa bado nimefumba macho. Huenda wakati ule alinibana mkono kuniomba radhi, huenda alikuwa ameshauachia. Alikuwa amevishika vile vidole vya ganzi, kwa hiyo sikuhisi kitu.