Wanawake Aliowaona Koko

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani kumpeleka mama yangu kwa daktari wa macho. Tulikaa kwenye benchi, mama amefumba macho kwa sababu ya dawa aliyotiwa. Mlango wa daktari ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani, mzee mmoja alikuwa akieleza kwa aibu kwamba anaona askari wadogo wakipita ukutani kwake. Daktari hakucheka.

"Papa, hauko mwenda wazimu," alimwambia. "Na haiko bulozi. Macho ikichoka, kichwa inajitengenezea picha yake. Batu mingi banaona vile, banaficha tu."

Rafiki yangu, niliposikia neno hilo bulozi, yaani uchawi, niliinuka nikatoka nje, nikasimama juani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Nilikuwa nimemkumbuka Koko.

Koko ndivyo tulivyowaita bibi zetu, na huyu alikuwa mama yake papa, baba yetu. Alitoka Yanonge, kwa watu wa mto, akaja kukaa nasi Mangobo, mtaa wa Kisangani, nilipokuwa nikianza shule. Asubuhi za Mangobo wakati ule zilianza kwa sauti ya kinu. Kinu hiki kikilia, kile cha jirani kinajibu, mpaka mtaa mzima unatwanga. Koko alitwanga ndizi zilizochemshwa mpaka ziwe lituma, akaifinyanga kwa mikono iliyopakwa mafuta ya mawese, ikatoka laini, inang'aa, ina moshi. Tuliila na sombe, majani ya muhogo, au na samaki aliyekaushwa kwa moto. Kazi yangu mimi ilikuwa kumtolea Koko miiba ya samaki, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Weye njo macho yangu," alizoea kuniambia, nami nilijivuna sana kuwa macho yake.

Siku moja, tukichambua sombe uani, akainua uso. "Bale bamama banatoka wapi?" aliuliza.

Nikatazama. Palikuwa na kuku tu, na nguo kwenye kamba.

"Bamama gani, Koko?"

"Bale na bitunga ku kichwa. Banapita tu, habasalimie mutu."

Hakuogopa hata kidogo. Alishangaa tu kwamba wageni hao wenye vikapu vichwani hawakuwa na adabu ya kusalimia. Tangu hapo waliendelea kuja, mara nyingi jioni, mwanga ukipungua. Sisi watoto tulicheka. Tulimwuliza wako wangapi leo, naye alijibu kwa uzito kama mtu aliyeulizwa bei ya samaki.

Kisha mdogo wangu akaugua surua. Alikuwa mtoto wa mgongoni bado. Homa ilimshika, akakataa ziwa, na mama hakulala. Jirani yetu, mwanamke aliyeuza makaa mbele ya nyumba yake, alikuja kumtazama mgonjwa, akainama kwenye sikio la mama: "Mutu mwenye kuona benye batu habaone, mumuchunge."

Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Kesho yake mama alituita nyuma ya nyumba, akatukataza kula chochote kilichotoka mkononi mwa Koko. Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Sikumwuliza kwa nini. Mimi niliyekuwa nimeshika mkono wa Koko kila siku niliamini neno hilo, kwamba Koko ndiye aliyemroga mtoto, upesi kuliko wote, na usiku nilihamisha mkeka wangu mbali na wake.

Koko aliendelea kutwanga. Mchana uliofuata alitandika lituma kwenye sahani kubwa, akatuita kwa majina yetu mmoja mmoja. Tulikaa kimya kuizunguka. Hakutuona vizuri, lakini alikuwa akisikiliza, na hakuna mkono uliogusa sahani. Basi nikamega tonge kubwa, nikalirusha nyuma yangu kwa bata wa jirani. "Iko tamu, Koko," nilisema.

Bata waligombana kwa kelele. Koko aligeuza kichwa upande wao, akakiacha pale kidogo. Halafu akasema polepole, "Merci, mutoto yangu," akanawa mikono.

Mdogo wangu alipona. Muuguzi wa kituo cha afya alimpa dawa, papa akamshukuru Mungu na muuguzi, lakini hakuna aliyekwenda kumwambia Koko kwamba tulimdhania vibaya. Papa alimwuliza mbele yetu kama bado anawaona wale wanawake. Akajibu, "Hapana. Balienda." Hakuwataja tena. Jioni niliona macho yake yakifuata kitu polepole, kutoka kwenye uzio mpaka mlangoni, mdomo umefungwa.

Mvua zilipoisha papa alimpandisha kwenye mtumbwi wa injini, arudi Yanonge kwa kaka yake. "Utapumzika kule, Mama," alimwambia, bila kumtazama. Koko alipapasa hewa akitafuta mkono wangu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya papa, nikabaki hapo hapo. Kabla mvua nyingine hazijaanza, watu wa mto walituletea habari ya kifo chake.

Jioni ile, baada ya daktari, nilimweleza mama haya yote, nikidhani alisinzia benchini na hakumsikia yule mzee.

"Tulikuwa na boga, tuliogopa sana," alisema mama. "Mutoto alikuwa anakufa mu mikono yangu."

"Ninajua, Mama."

"Hapana, haujue." Alishika ncha ya kitenge chake, akaikunja na kuikunjua. "Miye naona batoto. Pale, karibu na mulango. Tangu Pasaka banakuya. Sikusema na mutu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, mungenipeleka wapi?"

Nilisogeza kiti changu karibu na chake, nikamwuliza watoto hao wamevaa nini. Alinigeuzia uso kwanza, kisha akaanza kueleza: kaptura za shule, rangi ya bluu, na mmoja ana kofia.

Ua wa Mangobo uliuzwa zamani, na asubuhi mtaa ule unalia injini za kusaga. Nilimsikiliza mama mpaka giza likaingia. Koko sikuwahi kumwuliza hata rangi ya vitenge vya wanawake wale, na sasa hakuna wa kumwuliza.