Mashine ya Shaaban na Shimo la Mwikwabe

Mume wangu Shaaban ni fundi viyoyozi, hapa hapa Tarime. Najua unachotaka kusema. Ndiyo, Tarime kuna baridi, asubuhi tunatembea na masweta. Lakini dhahabu ilipochanganya kule Nyamongo, watu walishikwa na joto la ghafla. Mtu akipata mawe yake mawili matatu, anajenga nyumba, anaweka vigae, anamwita Shaaban amfungie kiyoyozi. Ukienda kumsalimia unamkuta sebuleni amejifunika blanketi, rimoti mkononi, anakuuliza kama umeona kinavyopuliza.

Shaaban alizaliwa mjini hapa, mtoto wa fundi cherehani. Babu yake alikuja na cherehani hiyo kutoka pwani, na mpaka leo kuna wazee wanamwita mgeni, mtu ambaye Kikurya chake kinashinda cha watoto wao. Ufundi wa friji aliupatia Mwanza. Ni mpole mpaka anakera. Mteja akimfokea anasema "sawa mzee" na kuendelea kukaza nati. Ndiyo maana Mungu akampa mimi.

Miaka ile mafundi wa mji mzima waligeuka wachimbaji. Seremala kaacha randa, kinyozi kafunga kibanda, fundi viatu kaenda zake Kewanja, huko huko Nyamongo, bila viatu vya watu kumalizika. Rafiki yake Shaaban, Mwikwabe wa Itiryo, alikuwa ameuza ng'ombe zake akaingia kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu. Kila akija mjini anakaa dukani kwetu na kumwambia, "Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "utafunga skrubu za watu mpaka lini? Njoo tushuke." Nami namtazama mume wangu, mtu ambaye moshi wa jiko la kuni tu unamkohoza mchana kutwa.

"Baba Yassini," nikamwambia, "ukiingia kwenye lile shimo hutoki."

"Nikipata kazi ya Mama Efrazia, siendi," akanijibu. "Nikiikosa, naenda. Watoto hawali upole."

Basi ikawa hivyo. Mama Efrazia alikuwa na nyumba za kupangisha Kewanja, na wapangaji wake walikuwa wageni waliofuata kazi za dhahabu. Alitaka viyoyozi vya zamani ving'olewe vyote, vifungwe vipya. Mafundi wetu hung'oa kwa njia moja: legeza nati, geuza uso, acha gesi ipulize mpaka inyamaze. Wale wageni wakakataa. Gesi isiachiwe, wakasema, inaharibu anga. Watu wanaoishi kwa kupasua milima na baruti, lakini anga ikiguswa roho zinawauma. Haya. Anayetaka kazi aje na mashine ya kuvuta gesi kutoka kwenye kiyoyozi na kuihifadhi kwenye mtungi.

Tulikwenda Mwanza kuinunua. Nilifuatana naye, maana ukimwachia Shaaban na wauza duka wa Mwanza, atarudi na mashine ya kusaga mahindi. Dukani kulikuwa na mbili. Moja kubwa, nyekundu, nzito, ikiwashwa inanguruma mpaka rafu zinatetemeka. Muuzaji aliipapasa mgongoni kama dume la mnadani. Ya pili ilikuwa ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja.

Shaaban akachuchumaa mbele ya ile kubwa. "Inavuta hizi gesi mpya za viyoyozi vya majumbani?"

"Hii? Inavuta kila kitu."

"Presha yake ya mwisho ni ngapi?"

"Presha ipo, kaka. Ya kutosha."

Nilicheka kwa sauti. Hata mimi, kwa kusikiliza tu nyumbani, nilijua gesi mpya zina presha kubwa kuliko za zamani, na mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake inaweza kumpasukia mtu usoni. Shaaban akaigeuza ile ndogo, akasoma kibandiko chake chote mpaka muuzaji akaanza kupiga miayo. Ilikubali gesi za zamani na mpya, ilijizima yenyewe presha ikizidi, na mtu angeweza kupanda nayo ngazi bila kuvunjika kiuno. Akaichukua hiyo. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeipakata, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nijifungue Yassini.

Habari zilitutangulia Tarime, kama kawaida yake. Kesho yake Mwikwabe akaingia dukani, uso unang'aa.

"Shemeji," akaniambia, "Mungu mkubwa. Gesi iko kwangu, mashine iko kwenu."

Shimo lake lilikuwa limefikia mwamba mzuri, lakini huko chini hewa ilikuwa imeharibika. Kijana mmoja alishuka akalegea, wakamtoa kwa kamba hajitambui. Shaaban akamweleza taratibu kwamba mashine hii inavuta gesi iliyofungiwa ndani ya bomba, kidogo kidogo, na shimo ni kitu kingine kabisa. Ni sawa na kukausha Mto Mara kwa bomba la sindano. Mwikwabe alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Nimekuelewa, mura. Kwa hiyo tuje kuichukua saa ngapi?"

Tungemfukuza, lakini kumbe Mama Efrazia naye alikuwa na hisa kwenye shimo hilo. Akatuita Kewanja. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. "Fundi," alimwambia mume wangu, "safisha hewa ya shimo langu, nyumba zote ni zako." Nani angekataa kwa maneno matamu kama hayo?

Siku hiyo mdomoni mwa shimo walijaa watu kama wamekuja harusini. Jenereta ikawashwa, mashine ikateremshwa kwa kamba na waya wake, ikaanza kunguruma kule chini. Watu wakapiga makofi. "Sikia inavyovuta!" Kewanja mashine ikipiga kelele imeshafanya kazi, huulizwi kazi gani. Mwikwabe alikuwa tayari amejifunga kamba kiunoni. Mama Efrazia akamgeukia Shaaban akatabasamu. Mume wangu alitakiwa kunyamaza tu. Angenyamaza, nyumba zilikuwa zake.

Akaomba mshumaa. Wakauwasha ndani ya kopo la maziwa, wakauteremsha mpaka ilipo mashine. Mashine ilinguruma vizuri sana. Mshumaa ukasinyaa, ukazima.

"Mshumaa wenyewe wa bei rahisi," Mwikwabe akasema.

Wakauteremsha mwingine, nao ukazima. Mwikwabe akakaza kamba yake na kusogea. Hapo Shaaban wangu, mtu wa sawa mzee, akakaa juu ya mbao za mdomo wa shimo, miguu inaning'inia, akamzibia njia.

"Mashine yangu haiwezi," akasema, kila mtu akasikia. "Ukishuka unakufa, Mwikwabe. Unakufa humu humu, na mimi ndiye nitakayeivuta maiti yako."

Wee. Mdomoni mwa shimo hutaji kifo. Wachimbaji wana miiko yao, na huo ni mkubwa kuliko yote. Akishakitaja mtu, shimo limeingia mkosi. Waliokuwa wameshika kamba waliiachia palepale, wakaondoka bila kuaga. Hakuna aliyekubali kulisogelea tena duara lile, na Shaaban akapigwa marufuku kukanyaga shimo lolote la Kewanja. Mama Efrazia akakung'uta kitenge chake. "Fundi anayeitukana mashine yake mwenyewe," alisema, "atanifanyia nini kwenye nyumba zangu?" Kazi akampa mwingine, mwenye ile nyekundu.

Tukarudi kwa basi na mashine yetu imejaa tope. Tulipokaribia mjini Shaaban akaanza kulifuta lile tope kwa shati lake.

"Nyumba nimekosa," akasema, "na shimoni hawanitaki."

"Hongera," nikamwambia. Nilikuwa natania, lakini machozi yakanitoka mbele za abiria, nikamshika mkono na sikujali nani anatazama.

Sasa anatengeneza friji za wauza soda na viyoyozi vya wale wa blanketi, na ile mashine haijawahi kumwangusha. Mwikwabe amerudi Itiryo kulima. Siku za soko anakuja mjini, anasimama ng'ambo ya duka letu na kumtukana mume wangu: mchawi, mfilisi, mtu wa mkosi, kwa sauti inayofika stendi. Wateja wananiuliza mbona simjibu, mimi na mdomo huu. Namwacha. Akinyamaza kidogo kuvuta pumzi, na mimi naacha kazi nimtazame. Anaivuta, kifua chote, halafu anaendelea kututukana.