Nusu ya Baba

Baada ya kumzika mama, mimi na baba tulianza kushindana. Mimi nilitaka ahamie kwangu Iyunga, Mbeya, ambako nilishamtengea chumba na kumnunulia kiti cha kuegemea. Yeye alitaka nirudi Kalenga, Iringa, nilime shamba la mama. Hakuna aliyekubali. Ubishi wangu nimeurithi kwake, sikuuokota njiani. Mwishowe akaniambia kwenye simu, "Basi tukutane katikati. Wewe nusu, mimi nusu, hakuna wa kumfuata mwenzake."

Katikati ilikuwa Makambako. Tulikutana kila mwaka kwenye hoteli ndogo nyuma ya stendi, upepo wa baridi ukipiga mabati. Shida ilikuwa moja: pale si kwake wala si kwangu, sasa nani mwenyeji? Kwetu mtu hakai mpaka akaribishwe. Baba akaamua kwamba anayetangulia kufika ndiye mwenye nyumba, atakaribisha na kuagiza chai. Kwa hiyo akawa anapanda basi la alfajiri. Kila nikifika namkuta ameshakaa, koti limefungwa vifungo vyote, mfuko wa maharage ya kunipa uko mapajani.

"Kamwene," ananisalimu kwa Kihehe. "Karibu ndani."

Tulikula, tukaongea habari za mvua na mahindi. Mama hatukumtaja. Saa nane kila mtu alipanda basi lake, nami nikarudi kwenye nyumba yenye kile kiti, ambacho sasa kilikuwa cha kutundikia nguo. Nilijiapiza kwamba safari ijayo nitamuwahi, nimwambie karibu hata mara moja. Sikuwahi kufanikiwa.

Mwaka wa tatu akapiga simu. "Ile katikati tuliipima vibaya. Mimi naanzia kijijini, sianzii mjini. Katikati yenyewe ni Mafinga."

Nilijua ni magoti yanayomuuma, lakini nikaikubali hesabu yake. Mwaka uliofuata katikati ikawa Ipogolo, pale chini ya mlima wa Iringa mjini. Kila mara alikuwa na hesabu yake, na kila mara alinitangulia. Ningeweza kumwambia, "Baba, kaa nyumbani, nakuja." Niliogopa kwamba nikifika mlangoni kwake nitakuwa nimeshindwa. Naandika hili kwa aibu.

Mwaka huu hakupiga. Nilipiga mimi, na sauti yake ilikuwa imepungua sana.

"Njoo, mwanangu. Utanikuta katikati."

"Katikati ya wapi, baba?"

"Utanikuta tu."

Ipogolo hakuwepo. Nikapanda mpaka stendi ya mjini, nako hakuwepo, na simu yake haikupokelewa. Nikachukua bodaboda ya Kalenga, nikitazama kila kituo na kila mzee aliyekaa kando ya barabara.

Alikuwa mlangoni kwake, kwenye kigoda. Alivaa viatu vya safari, koti limefungwa vifungo vyote, mfuko wa maharage uko mapajani. Jirani aliniambia baadaye kwamba kutoka kitandani mpaka pale mlangoni alitumia asubuhi nzima, na alikataa kushikwa mkono.

Nilisimama uani. Yeye akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Kamwene," alisema. "Nimekuwahi tena. Karibu ndani."