Alama Ndani ya Kifuniko cha Saa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa saa. Nilipewa bakuli la petroli, brashi ndogo na rundo la skrubu nizisafishe. Duka lilikuwa Mkunazini, hapa Unguja mjini, na mwenyewe tukimwita Fundi Mkuu, ingawa mafundi wengine hawakuwepo ila sisi wanafunzi wawili, mimi na Hamdani, aliyeanza wiki ile ile. Jioni Fundi Mkuu alimtazama Hamdani akiokota skrubu kwa kibano, akasema, "Huyu ana mkono." Mimi hakuniambia kitu. Neno lile nimelala nalo na kuamka nalo, na sasa nimepindukia miaka sabini.

Nyinyi vijana mnatazama saa kwenye simu, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Saa ya kutiwa ufunguo haina betri. Ndani mna kamani, utepe wa chuma uliojikunja. Kila asubuhi unazungusha kitufe cha ubavuni, kamani inakaza, na inapolegea inasukuma magurudumu. Mwisho wa magurudumu ipo mizani, gurudumu linalokwenda na kurudi, nalo ndilo mnalolisikia likilia. Kazi ya fundi ni kuifungua saa yote, kuiosha, kuitia mafuta kwa ncha ya sindano, kisha kuirudisha bila ya kubakisha kitu mezani.

Kulikuwa na jambo ambalo Fundi Mkuu hakulisamehe. Kabla ya kufunga kifuniko cha nyuma, fundi hukwaruza kwa ndani alama yake, pamoja na siku na mwezi ambao saa ilianza kwenda sawa. Mwenye saa haioni alama hiyo. Anayeiona ni fundi mwengine atakayeifungua baadaye. "Imekwenda leo, andika leo," akituambia. "Usiandike jana, usiandike kesho." Alama yangu ilikuwa mistari miwili na ya Hamdani nusu duara. Tulifanya hivyo kwa miaka mingi hata mkono ukawa unaandika wenyewe.

Fundi Mkuu alipofariki, sote wawili tuliingia karakana ya serikali iliyokuwa ikitunza saa za maofisi na maskuli. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa suruali iliyonyooshwa na maneno machache. Siku moja aliniita.

"Naam," niliitika.

"Wewe utakwenda Chwaka, saa ya skuli imesimama. Hamdani atabaki mjini, kuna saa ndogo za wakubwa."

"Kwa nini niende mimi, Mkuu?"

"Saa ya skuli ni kubwa. Hata ukikosea kidogo, haitojulikana."

Alisema bila ya ubaya, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilikwenda Chwaka, nikaitengeneza saa yao ikaenda miaka, na hapana mtu mjini aliyepata habari.

Karakana ilipofungwa kila mtu alitafuta pake. Mimi nilipata meza Darajani, Hamdani akafungua kibanda Hurumzi. Asubuhi moja alinijia mhandisi wa Kijerumani, mwanamke mrefu aliyekuwa akiishi Shangani, akavua saa yake na kuniwekea mezani. Uso wa saa hiyo ulikuwa mweupe kama sahani iliyokwisha kuoshwa. Haikuwa na namba, wala tarehe, wala dhahabu. Ilikuwa na mistari myembamba, mishale miwili, na kijishale cha sekunde chini. Mimi wakati huo nilikuwa nikivaa saa ya manjano kubwa kama kisosi, inang'aa hata kivulini. Nikaona hii ya kwake ni kitu cha kuchezea watoto.

"Inachelewa," aliniambia.

"Mpelekee Hamdani, Hurumzi. Yeye hana kazi nyingi."

Nilicheka alipoondoka. Mhandisi yule alikuwa mteja wa Hamdani tangu siku hiyo, na alipokuwa akirudi kwao aliivua ile saa akampa, iwe yake. Mimi ndiye niliyemwonesha njia.

Ijumaa ya kwanza baada ya safari yake niliiona mkononi mwa Hamdani. Baada ya sala nilimwomba nikaitazame ndani, naye akanichukua kibandani kwake akaifungua bila ya maringo, jambo lililonikera pia. Nilivaa lenzi ya jicho nikainama. Skrubu zilikuwa za buluu, zimechomwa kwa moto mdogo mpaka zikageuka rangi. Vibao vya chuma vilivyoshika magurudumu vilisuguliwa mistari sawasawa, mahali ambapo mvaaji hafiki. Yule aliyeitengeneza alikataa kuweka kitu cha ziada juu, akatia uzuri wote chini. Nilipoinua kichwa nikaitazama tena sura yake nyeupe, nikaona hata mistari ile imepimwa, kila mmoja na nafasi yake. Wivu ulinishika. Ile ya manjano niliivua siku ile ile, na tangu hapo kila nikikutana na Hamdani hutazama mkono wake kabla ya uso.

Basi Rajabu iliyopita, miezi miwili kabla ya Ramadhani, Hamdani alinijia Darajani, saa ameifunga kwenye leso. Vidole vilikuwa vikimtetemeka.

"Shekhe, mkono ushanikimbia," alisema. "Inachelewa dakika nne kwa siku. Sitaki mwengine aishike ila wewe."

Nikaifungua usiku usijaingia. Ilikuwa imekauka mafuta, basi. Niliosha, nikatia mafuta, nikaisikiliza, na kabla ya alasiri ya siku ya pili ilikuwa ikienda kama maji. Nikaifunga. Hamdani alipopita kuuliza, mdomo wangu ulisema, "Inataka kifaa kutoka kwao Ujerumani. Niachie."

"Haidhuru," alijibu. "Ila asubuhi mkono wangu haujui ufanye nini. Nshazoea kuitia ufunguo nikitoka sala ya alfajiri."

Nikaichukua nyumbani. Nikaivaa ndani ya nyumba tu, Shaabani yote na Ramadhani yote. Asubuhi nilikuwa nikiitia ufunguo mimi, taratibu, nikisikia meno yake madogo kwenye kidole. Sitowaficha, nilikuwa na furaha. Mke wangu, Bi Zuwena, aliivumilia mwezi na nusu.

"Saa ya nani hiyo?" aliniuliza siku moja tunafuturu.

"Ya mteja. Naijaribu."

"Tangu Shaabani unaijaribu?"

Nikachukua tende nyengine. Siku ya Idi Hamdani alikuja kutupa mkono wa Idi, na pale alipokuwa akivaa saa palikuwa na ngozi nyeupe, iliyokosa jua miaka ishirini. Nikashindwa kula halua. Siku ya pili nilimpelekea saa yake Hurumzi, nikamwambia kifaa kimefika na nimeimaliza jana. Aliivaa, akanishukuru, akaniombea dua ndefu.

Wiki haikutimia akaja Darajani akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Niliifungua," alisema. "Nimechukua asubuhi nzima kwa mikono hii. Nilitaka kuiona kazi yako."

"Umeionaje?"

"Safi. Fundi Mkuu angeisifu." Akaitazama saa, si mimi. "Umeandika mistari miwili, tarehe nne Rajabu."

Nilikuwa nimeiandika siku ile ile, kabla sijaanza kusema uongo, na nilikuwa nimesahau kabisa. Darajani ilikuwa na kelele zake za asubuhi, watu wa samaki wakiitana, nami nikatamani zizidi. Nilimwambia, "Hamdani, kifaa hakikuwepo. Niliitaka."

"Nnajua," alisema. "Tangu ile Ijumaa uliyovaa lenzi kibandani kwangu."

Aliinuka kwa kushika meza yangu, akaniambia ikikauka tena ataniletea, kisha akenda zake.

Mwezi huu nimeiacha kazi. Macho yamechoka, vibano nimewagawia mafundi wengine. Kibano kimoja nimekibakisha, na chupa moja ya mafuta, kwa ajili ya saa moja tu. Kila Ijumaa naiona mkononi mwa mwenyewe, na wivu bado ninao, haujapungua hata kidogo. Siku atakayoniletea nitaifungua, nitaisoma tarehe yangu, na chini yake nitaandika ya pili, kisha nitamrudishia kabla ya magharibi.