Swichi Iliyosahau Asubuhi ya Kliniki

Mama yangu ana kisukari. Siku moja kabla ya kliniki hupanda basi kutoka Igunga, analala kwangu mjini, mtaa wa Ng'ambo, na asubuhi tunakwenda hospitali pamoja, yeye kwenye foleni, mimi kazini. Mimi ndiye fundi wa mtandao pale. Nyuma ya mapokezi kuna chumba kidogo chenye kabati la chuma, na ndani yake swichi, kifaa ambacho nyaya zote za kompyuta za hospitali hukutana. Kikisimama, mapokezi hawaoni faili la mgonjwa, na dirisha la dawa halijui daktari ameandika nini.

Asubuhi hiyo nilitaka kuiwekea swichi toleo jipya la programu inayoiendesha, maana la zamani lilikuwa linagandaganda. Muuguzi mfawidhi wa kliniki alinikuta mlangoni na laptop yangu.

"Dada, usiguse kitu mpaka wagonjwa wapungue."

"Ni mara moja tu," nikamjibu. "Wala hawatajua."

Swichi ina mipangilio yake: waya huu ni wa maabara, ule ni wa dawa, huyu aone hiki, yule asione. Ukibadilisha kitu, inakifuata papo hapo, lakini lazima uiamuru ikihifadhi. Usipoiamuru, siku ikizimwa inasahau. Wiki chache kabla, mimi nilikuwa nimeunganisha kwenye swichi maabara mpya na dirisha la dawa, nikaona vinafanya kazi, nikaondoka zangu. Sikuhifadhi. Wala asubuhi ile sikuchukua nakala ya mipangilio kabla ya kuanza. Hayo mtu hufundishwa mwanzo kabisa.

Nikapakia programu, nikaiwasha upya. Taa za kijani zikarudi, nikafurahi. Kisha simu ya maabara ikaita, na kabla sijaipokea, mtu wa dawa akagonga mlango. Programu mpya haikuwa na kosa. Swichi ilikuwa imeamka na mipangilio ya zamani, ya wakati maabara mpya haikuwepo bado.

Nikaanza kuijenga upya kwa kukumbuka, nikifuata waya mmoja mmoja. Ilinibidi nitoke kwenda kukagua kompyuta ya mapokezi, na hapo nikasikia sauti ya mama.

"Vumilieni jamani," alikuwa anawaambia wenzake kwenye benchi. "Mtandao umekatika, lakini fundi ni binti yangu. Yumo humo anahangaika, hata chai hajanywa."

"Wa kwako kabisa?" aliuliza mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni.

"Wa kumzaa."

Yule mwanamke akaniona. Akafungua mfuko wake, akatoa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Kula kidogo, fundi. Unatusaidia sana."

Uso uliniwaka. Sikuweza kuvipokea, na sikuweza kuiacha mikono yake hewani.

"Mtandao haukukatika wenyewe," nikasema. "Nimeukata mimi. Niliambiwa nisubiri, sikusubiri."

Kisha mzee mmoja wa kanzu akasema taratibu, bila hasira, "Binti, sisi wa kipimo cha sukari hatujala tangu jana."

Mama alikuwa mmoja wao. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilimtazama, alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pembe ya kitenge chake.

Mtandao ulirudi mchana. Wengine walikuwa wameshaondoka bila kupimwa. Mama alitolewa damu akiwa karibu wa mwisho, mikono inamtetemeka, nami nikasimama pembeni nimeshika chupa ya uji ambao nilikuwa nimekimbilia kuununua nje. Muuguzi mfawidhi alipita, akanitazama, akaenda kumwita mgonjwa aliyefuata. Afadhali angenigombeza.

Jioni mama aliongea na shangazi kwa simu, kwa Kinyamwezi, akamwambia kliniki ilikwenda salama. Alipokata simu nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila ungeniambia mimi kwanza, mwanangu. Nisingewaambia watu vile."

Nilipewa onyo kazini, na nilistahili. Sasa nahifadhi kila badiliko na kuweka nakala mahali pengine, na programu mpya naipakia wagonjwa wakishaondoka.

Kliniki iliyofuata, mama alikuja kama kawaida. Nilipopita kwenye korido alikuwa anazungumza na jirani yake kwenye benchi. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," kwa upole, kama angemwitikia mfanyakazi yeyote aliyepita, akaendelea na mazungumzo yake. Yule jirani hakugeuka hata kunitazama.

Nyumbani nikamuuliza kwa nini hakusema kuwa mimi ni binti yake.

"Sikutaka wakusumbue kazini," alisema, na akaniomba nimpe chumvi.

Nikampa.