Dhiraa ya Baba

Recha Perlhefter alichora watu wa kijani na farasi wekundu, nami jirani yake, niliyekimbia Ujerumani meli moja na yeye, sikuacha kumchokoza.

"Shoga, farasi huyu kaungua jua?"

"Hizo hasira zake. Wewe zako umezificha wapi?"

Pale Gothenburg, Uswidi, alipanga kwa mzee Torkel. Alipohamia, alibandua mraba wa lipu kwenye ukuta unaotazama mlango, kama ulivyokuwa ukuta wa kwao Breslau. Sisi Wayahudi nyumba hatuimalizi: dhiraa moja ya ukuta hubaki bila lipu, tusisahau Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa. Ya kwao baba yake aliipima kwa mkono wake mwenyewe, kiwiko hadi ncha ya kidole.

Baba huyo alichukuliwa na Wanazi wakati wa vita, hakurudi. Hana kaburi wala picha. Recha alijaribu miaka na miaka kumchora, sura ikakataa kumjia. Alichobaki nacho ni ule mraba tu, na kila jioni aliketi kuutazama. Alimkumbuka mno.

Kisha akalazwa hospitali kwa nimonia. Torkel, mtu mwema asiyejua kukaa bure, aliona aibu mgonjwa arudi kwenye ukuta mbovu. Akapiga lipu, akapaka chokaa, akaweka na maua mezani.

Siku niliyomrudisha nyumbani, Recha alifungua mlango, akauona ukuta mweupe mtupu. "Mzee, umemzika baba yangu."

"Mama, mimi nilidhani fundi alikutoroka!"

Nikamweleza mimi, kwa ukali kuliko alivyostahili. Wema usiouliza hunikera mpaka leo.

Mzee alileta patasi. "Nionyeshe mraba uliishia wapi, niubandue tena."

Recha akainua mikono, akaipanua, akaipunguza, ikabaki hewani. "Sikumbuki tena," akasema, akalia. "Sasa nimempoteza kabisa."

Torkel alikuna kichwa. "Alikuwa mtu wa kimo gani?"

"Mrefu. Akiingia jikoni anainama. Kama wewe."

Mzee akaweka patasi chini, akakunja mkono wa shati, akalaza kiwiko ukutani na kunyoosha vidole. Recha akachukua mkaa wake wa kuchorea, akaufuata ukingo wa mkono ule polepole mpaka kidole cha kati.

Torkel akataka kujiondoa, aanze kazi.

"Usiutoe bado, mzee," Recha alisema. "Niache nikae naye kidogo."