Mpaka Uliopanda na Bamvua

Vita vikuu vilipokwisha, niliamini kwa moyo wangu wote, na kwa cheti changu cha skuli ya usiku, kwamba nchi ya Sultani hupanuka kila bahari inapojaa.

Cheka, lakini kwanza sikiliza hesabu yake. Pwani yetu, tuliambiwa, ni ukanda wa maili kumi kutoka pale maji yanapofika. Huo ni wa Sultani wa Unguja, Waingereza ni wapangaji tu. Koloni yao hasa iko bara. Sasa, akasema muuza kahawa wetu wa Changamwe, maji hayafiki mahali pamoja kila siku. Wakati wa bamvua hupanda mpaka kwenye mizizi ya minazi, kwa hiyo na zile maili kumi husogea. Maji mafu yakija, bahari isipopanda sana, mpaka hurudi.

"Wallahi," alisema, akigonganisha vikombe vyake, "kuna watu Mazeras hulala kwa Sultani wakaamkia Koloni."

Mtu mwingine angeuliza swali. Mimi nilikuwa nimesoma, sikuuliza. Nilichukua kijiti nikamchorea ramani mchangani, na wazee waliokuwa barazani wakatikisa vichwa kwa heshima. Tangu siku hiyo habari ile ikawa yangu kuliko yake.

Na nani asingeipenda? Kila baraza lilikuwa na neno moja: tujitenge na bara. Amri zilitungwa Nairobi na watu ambao hawajapata kulowa maji ya chumvi hata vidole vya miguu. Kodi ikipanda, Nairobi. Kipande kikikaguliwa, Nairobi. Hata mvua ikikosa nilisema ni Nairobi. "Bendera nyekundu ya Sultani si hiyo juu ya ngome?" niliwauliza wapagazi wakinywa kahawa. "Mpangaji akikusumbua, humwambii ahame?" Walipiga makofi mpaka kuku wa jirani wakakimbilia Kisauni. Usiku nilijilaza nikigawa vyeo vya serikali yetu. Uwaziri wa posta nilijipa mwenyewe, kwa kuwa baiskeli nilikuwa nayo.

Shida ilikuwa mchumba wangu. Kwao ni karibu na Mazeras, na kila wiki alishuka na gari la moshi kuuza mihogo Changamwe, akifikia kwa shangazi yake. Tulikuwa tumekubaliana. Kilichobaki ni mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, kuwapelekea wazee wake posa na kibuyu cha mnazi. Wazee wakishaunywa, neno limefungwa, hakuna wa kulifungua.

Lakini nyumba ya baba yake, kwa ramani yangu ya mchangani, ilikuwa pale pale mpaka unapokwenda na kurudi. Na kujitenga kungetangazwa wakati wowote. Mke aliyeposwa maji yakiwa yamejaa angehesabiwa wa kwetu. Aliyeposwa maji mafu angebaki mtu wa Koloni, aombe pasi kila akitaka kwenda kumwamkia mama yake. Nikaamua posa iende siku ya bamvua.

"Tunakwenda kuposa au kuvua?" mjomba aliuliza.

"Subiri tu, mjomba. Haya ni mambo ya siasa."

"Babako alinituma kwa mamako wakati wa jua kali, sikuangalia bahari. Na wewe ukazaliwa, ingawa sasa naona kasoro."

Bamvua ya kwanza mvua ikafanya njia matope. Ya pili mjomba akafiwa Likoni. Mchumba wangu akanikuta nje ya duka, beseni la mihogo kichwani.

"Mwalimu mmoja wa Kaloleni anaulizia kwetu," alisema. "Leta watu."

"Ngoja mwezi uandame."

"Umeingia dini gani, wewe?"

Nilimfafanulia maili kumi, Sultani, na pasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akalishusha beseni, akalipandisha tena. "Mimi naolewa na mtu," alisema, "siolewi na serikali." Kisha akaenda zake, na mimi, mwenye akili, nikahesabu kuwa nimemshawishi.

Mwezi ulipoandama tulivaa kanzu, mjomba na mimi, tukabeba kibuyu, tukapita kwanza kwa shangazi wa mchumba wangu ili atutangulie. Tulimkuta uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Mmependeza," alisema. "Mwaenda wapi?"

"Kwa kaka yako," mjomba akajibu. "Twapeleka posa."

Shangazi akaacha kukuna. "Posa gani tena? Mwalimu wa Kaloleni alileta wazee wake juma lililopita. Mnazi umeshanywewa."

Mjomba akaketi kwenye ngazi, kibuyu mapajani. Akanitazama, kisha akamweleza shangazi kila kitu, bamvua, maji mafu na uwaziri wangu, bila kuniachia hata tundu la kujifichia. Nilidakia kwamba juma lililopita maji yalikuwa mafu, kwa hiyo labda posa ya mwalimu haikusihi.

Shangazi hakucheka. Alikung'uta machicha mikononi, akazungumza nami polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mwanangu, mpaka hauendi na maji. Ulipimwa mara moja, zamani, wakazika mawe. Jiwe liko nyuma ya shamba la kaka yangu, na nyumba yake iko upande huu, maji yajae, maji yapwe. Ungekuja siku yoyote."